Sanaa za Maonyesho na Masomo ya Juu ya Sekondari katika Fizi na Baraka: Historia ya Somo Lisilotahiniwa

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufanya mtihani wa dola, ambao wao wenyewe huuita kwa Kifaransa Examen d'État. Mtihani huo ulianza mwaka 1967. Maswali yake hutungwa Kinshasa, hufungwa na kusafirishwa hadi vituo vya mikoani, na wanafunzi huyajibu kwa muda wa siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya fani ambayo kila mmoja ameichagua. Katika Baraka na Fizi, mkoani Kivu ya Kusini, fani zilizozoeleka ni ualimu, kemia na biolojia, biashara, na nyinginezo za namna hiyo. Katika fani hizo hakuna karatasi inayomtaka mwanafunzi aimbe, acheze au aigize, wala inayomtaka aeleze kwa nini wimbo fulani huimbwa na mtu fulani, mahali fulani.

Kijana wa umri huohuo nchini Uingereza aweza kuchagua maigizo au dansi kuwa mojawapo ya masomo yake ya A-level, na alama anazozipata huhesabiwa anapoomba nafasi ya chuo kikuu. Ulinganisho huo hautolewi hapa kwa nia ya kuilaumu Fizi. Unatolewa kwa sababu kuna kauli inayosikika mara kwa mara kwamba somo kama hilo ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba shule isiyo na madawati haina haja ya jukwaa. Historia ya Fizi haiungi mkono kauli hiyo. Elimu ya sanaa za maonyesho ilikuwako huko kabla ya dawati la kwanza, ikiwa na walimu, ngazi, ada na watahini wake, tena kwa vijana waliokuwa katika umri uleule ambao leo ni wa mwaka wa tano na wa sita. Kila mamlaka iliyolifikia eneo hilo tangu mwisho wa karne ya 19 iliitamani sehemu fulani ya elimu hiyo. Wengine walitaka sauti ya kuimba, wengine miguu ya kucheza, wengine ujumbe wa kutangaza. Mwalimu hakutakiwa na yeyote.

Bwami, Elanda na Alunga

Wabembe ndio walio wengi katika wilaya ya Fizi, kuanzia pwani ya Ziwa Tanganyika na rasi ya Ubwari hadi kwenye miteremko ya Itombwe, wakiishi pamoja na Wabwari, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyamulenge na wengineo. Kwa lugha na kwa taasisi za jadi wana udugu wa karibu na Walega. Taasisi iliyo kubwa kuliko zote katika udugu huo ni Bwami. Habari nyingi zilizoandikwa juu yake zinatokana na kazi ya mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walega na Wabembe katika miaka ya 1950. Makala yake kuhusu sanaa ya Wabembe ilichapishwa katika jarida la African Arts mwaka 1972, na kitabu chake kikubwa, Lega Culture, kilitoka mwaka uliofuata. Ni vyema kutahadharisha kwamba maelezo yake marefu zaidi yanawahusu Walega, na kwamba Bwami ya Wabembe ilikuwa na mpangilio wake. Hata hivyo, misingi ni ileile.

Bwami haikuwa ufalme. Mtu hakuzaliwa nayo. Aliingia baada ya kutahiriwa, akapanda ngazi moja baada ya nyingine kwa tabia njema, kwa msaada wa ndugu waliomchangia mali, na kwa kupitia mfululizo wa maonyesho yaliyoongozwa na wataalamu. Wanawake walikuwa na ngazi zao zilizofungamana na za waume zao. Kiini cha mafunzo kilikuwa methali. Lakini methali hiyo haikutolewa kwa maneno makavu kama inavyofanyika leo katika somo la lugha, ambapo mwalimu huiandika ubaoni na kuwauliza wanafunzi maana yake. Iliimbwa, ikachezwa, na kufungamanishwa na kifaa: gamba la kakakuona, mdomo wa ndege, jani, au sanamu ya pembe ya ndovu. Kifaa kilipotolewa mkobani, kikawekwa chini au kubebwa kwa mwendo maalumu, maana ya methali ilikamilika. Mfano unaojulikana sana ni sanamu ya Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, anayetazama kila upande. Sanamu hiyo ikiwa peke yake kabatini haisemi lolote ila kwamba ina vichwa vingi. Ikichezwa pamoja na wimbo wake, inafundisha namna mtu mzima anavyopaswa kuona kabla ya kuhukumu.

Msomaji aliyezoea istilahi za sanaa za maonyesho atatambua mara moja kwamba mambo yote yamo: matini, sauti, mwendo, vifaa, mpangilio wa mahali, na hadhira yenye ujuzi wa kupima. Zaidi ya hayo, mwanafunzi alitahiniwa kwa kutenda mbele ya waliomtangulia. Aliyeikariri methali bila kujua wakati wa kuinua kifaa alikuwa hajajua kitu. Mwalimu naye alilazimika kukumbuka ni wimbo gani unaoandamana na kifaa kipi, na ni mfuatano upi unaofaa ngazi ipi; kosa lake lilionwa na wenzake papo hapo.

Kando ya Bwami, Wabembe walikuwa na vyama vingine. Elanda kilikuwa chama cha wanaume, na barakoa yake haikuchongwa kwa mti. Ilitengenezwa kwa ngozi na kurembwa kwa shanga, kauri na vifungo. Barakoa ya Alunga ilikuwa ya mti, yenye umbo kama la kengele, ikiwa na uso mmoja mbele na mwingine nyuma. Chama cha Alunga kilishughulikia nidhamu ya jamii, ngoma za hadhara, na sherehe zilizotangulia uwindaji na utafutaji wa asali. Hapa inafaa kusita kidogo juu ya neno ngoma. Katika maandishi mengi ya kikoloni neno hilo lilipunguzwa likawa na maana ya burudani ya jioni, na upungufu huo umerithiwa na ratiba nyingi za shule, ambapo ngoma huwekwa siku ya Jumamosi baada ya usafi. Alunga alipotokea mbele ya watu, ngoma yake ilikuwa pia baraza, na mahakama, na tangazo la msimu.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliipiga Bwami marufuku. Mengi yameandikwa juu ya hasara iliyowapata wazee wenye vyeo. Hasara ya vijana imezungumzwa kidogo zaidi, ingawa ndiyo iliyozaa pengo linalozungumziwa hapa. Mzee alibaki na alichokijua hata baada ya marufuku. Kijana alinyang'anywa ngazi ambayo angeipanda. Vifaa vingi vilitoka mikononi mwa wenyewe na kuishia katika makavazi na makusanyo ya watu binafsi huko Ulaya na Marekani, ambako sasa vinatazamwa kwa heshima na watu wasiozijua nyimbo zake.

Kanisa, kwaya na vita

Kiswahili kilifika katika pwani hiyo ya ziwa pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Ujiji. Katika miaka ya 1880 Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa katika sehemu ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Mapadre Weupe nao walianzisha misheni ya Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, mwaka 1883, na kuwakusanya humo watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walifundishwa sala na nyimbo. Kwa hiyo fani ya kwanza ya maonyesho iliyofundishwa shuleni katika eneo hilo ilikuwa uimbaji, na uimbaji huo ulikuwa wa watu waliosimama bila kutikisika. Mwili ulitengwa na sauti. Utengano huo ulidumu kwa miongo mingi, na kwa vijana waliokuwa na kumbukumbu ya ngoma za kwao haukuwa jambo dogo.

Si haki, hata hivyo, kuyaeleza makanisa kama adui tu wa sanaa. Kwaya za Kikatoliki na za Kiprotestanti ndizo shule za muziki zilizodumu kuliko nyingine zote katika Baraka na vijiji vyake. Humo kijana hujifunza kuisikiliza sauti ya mwenzake, kushika sauti yake kati ya nne, kuongoza, na kuvumilia mazoezi ya miezi kadhaa kwa ajili ya siku moja. Huko Bukavu padre Georges Defour aliasisi chama cha vijana cha Xaveri mwaka 1952, nacho kilienea katika parokia za Kivu kikitumia michezo, nyimbo na maigizo mafupi katika malezi. Mtu akitafuta mahali ambapo kijana wa miaka 17 alipewa nafasi ya kupanga onyesho na kulisimamia, ataipata zaidi katika vyama vya namna hiyo kuliko darasani.

Darasa la juu lenyewe lilichelewa. Chini ya Wabelgiji elimu ya msingi ilipewa kipaumbele na sekondari ilikuwa ya wachache mno. Mara baada ya uhuru wa 1960 mfumo wa miaka sita ya sekondari ulianza kupangwa, lakini Fizi haikupata utulivu wa kuufuata. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka sehemu hiyo ya mashariki. Tarehe 28 Novemba mwaka huo wamisionari watatu wa shirika la Waksaveri waliuawa pamoja na padre Mkongomani Albert Joubert, wawili mjini Baraka na wawili Fizi. Watu wengi walikimbilia milimani au ng'ambo ya ziwa, na kazi ya misheni, zikiwamo shule zake, ikakatizwa.

Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba akiwa na kundi la Wakuba, akapewa jina la Tatu, na akakaa hadi Novemba. Katika maandishi yake juu ya miezi hiyo anaeleza kwamba alianza kujifunza Kiswahili na kuwaandalia wapiganaji masomo. Jambo hilo ni dogo katika historia ya vita, lakini linaonyesha hali ya elimu ya vijana wa Fizi wakati huo: darasa lilikuwa chini ya mti, na mwalimu alikuwa mgeni mwenye bunduki. Baada ya hapo Laurent-Désiré Kabila alibaki milimani na chama chake cha PRP, kilichoasisiwa Desemba 1967, na eneo lake liliendelea kujitawala kwa kiasi fulani hadi mwaka 1986. Mwanahistoria Wilungula B. Cosma ameeleza habari hizo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya msituni kwa Kabila.

Mwaka 1967, basi, una uzito wa pekee. Ndio mwaka wa mtihani wa dola wa kwanza, ndio mwaka wa PRP, na ndio mwaka ambao idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa katika chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Matukio hayo hayakuhusiana. Lakini kijana wa Fizi aliyezaliwa mwaka huo alikulia katikati yake, akiwa na mtihani usioijua sanaa yake, vita juu ya kijiji chake, na chuo kilichoithamini sanaa hiyo katika nchi ambayo mtu hufika kwayo kwa mashua.

Animasio

Kipindi kilichofuata ndicho kigumu zaidi kukieleza, kwa sababu juujuu kinaonekana kuwa ushindi wa sanaa za maonyesho. Serikali ya Mobutu ilitangaza sera ya uasili na kubadili jina la nchi kuwa Zaire mwaka 1971. Baada ya ziara za Rais huyo nchini Uchina na Korea ya Kaskazini katika miaka ya 1973 na 1974, maonyesho ya umati yaliyoitwa animasio yalisambazwa nchini kote. Shule, ofisi na viwanda vilitakiwa kuwa na vikundi vya kuimba na kucheza kwa sifa ya chama cha MPR na kiongozi wake. Mwishoni mwa 1974 shule za makanisa zilitaifishwa; zilirudishwa katika uendeshaji wa makanisa kwa mkataba wa Februari 1977, lakini animasio haikuondoka.

Kwa mara ya kwanza dola iliwataka wanafunzi wacheze. Tena iliwataka wacheze ngoma za nyumbani kwao, zilezile ambazo wamisionari walizitilia shaka. Lakini hatua za ngoma zilipochukuliwa, maneno yake yaliachwa, na mahali pake pakawekwa jina la mtu mmoja. Mwalimu wa animasio hakuhitaji kujua ngoma ilitoka wapi, inachezwa kwa ajili ya nani, wala ni nani asiyeruhusiwa kuiona. Alihitaji kujua tarehe ya kuwasili kwa mgeni wa serikali. Hapakuwa na mtihani, kwa sababu hapakuwa na kilichofundishwa. Kilichopimwa ni mahudhurio.

Matokeo yake yameendelea kuonekana hata baada ya tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Si ajabu kwamba wazazi walioshinda juani wakimngoja mkuu wa mkoa hawakuwa na hamu ya kusikia kwamba kucheza ni somo. Animasio iliyaharibia sanaa za maonyesho jina kwa namna ambayo marufuku ya 1948 haikuweza. Kitu kilichopigwa marufuku huweza kubaki na heshima mioyoni mwa watu; kitu kilicholazimishwa huchosha.

Katika kipindi hichohicho dola haikukosa chuo. Institut National des Arts ya Kinshasa ilifundisha maigizo na muziki katika ngazi ya elimu ya juu. Kijana wa Baraka aliyetaka kufika huko alipaswa kwanza kufaulu mtihani wa dola katika ualimu au biolojia, kwa Kifaransa, kisha asafiri hadi upande wa pili wa nchi. Ngazi ilikuwa na kidato cha juu, haina vya katikati. Na suala la lugha lilizidisha ugumu. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na hutumika katika madarasa ya chini, lakini sekondari ni ya Kifaransa. Igizo la shule lilipofanyika, mara nyingi lilikuwa zoezi la matamshi ya Kifaransa lenye mavazi.

Yaliyotokea Lubumbashi yanasaidia kuona nini kingewezekana. Huko kikundi cha Mufwankolo kiliigiza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya hadhira kubwa ya mjini na katika televisheni. Mwaka 1986 Johannes Fabian aliwauliza wasanii wake juu ya msemo mmoja kuhusu mamlaka kuliwa yakiwa mazima, na wao, badala ya kumjibu kwa maelezo, waliamua kuutungia igizo. Walijadiliana, wakagawana sehemu, wakafanya mazoezi bila kuwa na matini yaliyoandikwa, na kila zoezi likafichua maana nyingine ya msemo. Fabian aliandika juu ya kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1990. Aliyesoma Biebuyck akasoma na Fabian hatakosa kuona kwamba waigizaji wa mji wa migodi walifanya jambo ambalo wazee wa Bwami wangelielewa bila kufasiriwa: waliuliza maana ya msemo kwa kuutenda. Nao pia hawakujifunzia jambo hilo katika darasa la sekondari.

Ng'ambo ya ziwa

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na ya Lugufu mwaka uliofuata. Lugufu ilifungwa mwaka 2009 na wakazi wake waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Katika kambi hizo shule za Wakongomani zilifuata mtaala wa Kongo, kwa matumaini kwamba wanafunzi wangerudi na vyeti vinavyotambuliwa kwao. Hivyo mtoto aliyezaliwa Tanzania, akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kigoma, aliandaliwa kwa mtihani wa Kifaransa wa nchi ambayo hajawahi kuiona. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake nzito, na si kusudi la makala hii kuupinga. Lakini ulimaanisha kwamba pengo la sanaa nalo lilivushwa ziwani pamoja na vitabu.

Nje ya uzio wa kambi hali ilikuwa tofauti kidogo, ingawa si sana. Mwanafunzi Mtanzania wa kidato cha tano na cha sita husoma tamthilia katika somo la Kiswahili, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inajulikana kwa vizazi vya wanafunzi. Lakini huisoma zaidi kama matini: huchambua wahusika, dhamira na mandhari, na aghalabu humaliza miaka miwili bila kusimama jukwaani. Waliotaka kutenda walikwenda Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, au Chuo Kikuu, ambako akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walipeleka sanaa za maonyesho vijijini kama njia ya wananchi kujadili matatizo yao wenyewe. Kazi ya Malya, mkoani Mwanza, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndiyo inayotajwa zaidi, na Mlama ameichambua katika kitabu chake cha mwaka 1991.

Njia hiyo, au sura yake ya nje, iliwafikia watu wa Fizi kupitia mashirika ya misaada. Kambini vijana waliigiza juu ya kipindupindu, ukimwi, ndoa za utotoni na ukatili wa majumbani. Nchini Kongo shirika la Search for Common Ground, lililoanza kazi huko mwaka 2001, lilitumia maigizo shirikishi Kivu ya Kusini katika upatanisho wa jamii na mapokezi ya wakimbizi waliorejea. Baadhi ya kazi hizo zilikuwa nzuri, hasa pale mtazamaji aliporuhusiwa kuingia jukwaani na kubadili mwisho wa kisa. Nyingine zilikuwa animasio kwa jina jingine: ujumbe uliletwa ukiwa tayari, muda ukapangwa kwa mradi, na mradi ulipokwisha kikundi kikafa. Tofauti kati ya aina hizo mbili imo katika swali ambalo Mlama aliliweka mbele, yaani nani anayechagua jambo la kuigizwa.

Hata hivyo kambi ilitoa kitu ambacho Fizi ilikuwa haijakipata kwa muda mrefu: vijana wengi wa umri wa mwaka wa tano na wa sita, mahali pamoja, wenye muda, wenye kwaya, wenye ngoma za wazazi wao, na wenye mazoea ya kuigiza kwa Kiswahili mbele ya watu. Walioanza kurejea Baraka baada ya vita walirudi na ujuzi huo. Cheti cha kuonyesha hawakuwa nacho.

Swali la mtahini

Wanaopinga somo hili katika ngazi ya juu ya sekondari wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni ya siri. Mambo ya Bwami na Elanda yana wenyewe, na mwalimu aliyehitimu Bukavu hana haki ya kuyaweka katika ratiba ya saa nne asubuhi kwa kuwa tu ameyasoma katika African Arts. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini inawapa wenye ujuzi haki ya kuamua nini kifundishwe hadharani na nini kisifundishwe. Haisemi kwamba kisifundishwe chochote. Nyimbo za wavuvi wa Ubwari, hadithi za jioni, namna za kupiga ngoma, kwaya, na maigizo ya Kiswahili havina kizuizi hicho.

Hoja ya pili ni ya mtihani. Maswali ya mtihani wa dola kwa sehemu kubwa ni ya kuchagua jibu, na husahihishwa kwa utaratibu mmoja wa nchi nzima. Mchezo hauwezi kutiwa katika bahasha na kupelekwa Kinshasa, wala alama ya mwendo wa mwili haiwezi kutolewa na mashine. Nchi nyingine zimelikabili tatizo hilo kwa njia zao. Kenya, iliyokuwa na tamasha la maigizo la shule tangu 1959, imeziweka sanaa pamoja na michezo katika mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, ambayo wanafunzi wake wa kwanza waliingia darasa la 10 mwezi Januari 2026. Namna Wakenya watakavyowatahini wanafunzi hao inastahili kufuatiliwa kwa makini kutoka upande huu wa maziwa.

Lakini Baraka haina haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Mwanafunzi wa fani ya ualimu katika mwaka wa sita, iliyo fani iliyozoeleka sana mjini humo, hatahiniwi kwa karatasi peke yake. Kabla ya siku zile nne husimama mbele ya watoto wa shule ya msingi na kufundisha somo, huku watahini wameketi nyuma ya darasa na daftari zao. Hutazama namna anavyoingia, anavyotumia sauti, anavyoshika kifaa cha kufundishia, anakitoa lini na kukiweka wapi, na kama watoto wamemfuata. Kisha hutoa alama, na alama hizo huhesabiwa katika cheti cha dola.